Herufi Mbili Zimetunyang'anya Uwanja

Kwako Mshauri,

Shikamoo. Naomba unisaidie, na kama inawezekana unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi saa tatu asubuhi mjomba wangu atasimama mbele ya watu na kumwita mama mmoja mwongo, na mama huyo hajadanganya, na anayelijua hilo ni mimi peke yangu, na sasa wewe.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, bado nasoma. Si msemaji. Hata mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake ninalo, mkono hauinuki. Lakini kuandika naweza, na ndiyo maana nilifanywa katibu wa chama cha michezo cha vijana wa mtaani kwetu. Mwenyekiti ni huyo mjomba, kaka yake mama. Sote tunajitolea. Mjomba ni fundi wa kuchomelea vyuma, magoli yetu ameyachomelea mwenyewe kwa mabomba ya zamani, na kila jioni akifunga karakana huja na filimbi shingoni kufundisha watoto zaidi ya sabini, wengine mpira wa miguu, wengine mpira wa pete, na wote mbio. Mimi napaka mistari ya chokaa, naandika mahudhurio, na narekebisha Kiswahili cha kila mtu. Hilo la mwisho sikuombwa. Ndiyo maana wananiita Kamusi.

Uwanja si wetu, ni wa Tume ya Bustani za Jiji, uko mwisho wa bustani nyuma ya matangi ya maji. Kwa miaka mitatu tumesaidiana nao vizuri: wao wanakata nyasi na kutufungulia bomba, sisi tunaokota taka bustani nzima kila Jumapili na kuwafukuza wenye pikipiki wanaopita juu ya maua. Aliyetupatanisha nao tangu mwanzo ni afisa mmoja wa tume ambaye watoto humwita Mama Miche, kwa kuwa haji hata siku moja bila mche mkononi. Yeye ndiye aliyenipa kamusi ninayoitumia. Alisema, "Chukua, mwanangu, kwangu inashikilia mlango tu."

Mwezi uliopita Mama Miche alikuja na habari njema kwamba tume inafikiria kutukabidhi uwanja tuutunze wenyewe kwa miaka mitano, ila wanataka kwanza barua ya kuonyesha kwamba tuko tayari. Akasema tuilete siku hiyohiyo maana kikao ni kesho yake, na wapo wajumbe wanaotaka pale pawe kitalu cha miche. Basi nikaingia chumba cha vifaa, nikakaa juu ya kreti ya mipira, na mjomba akasimama mlangoni akichezea funguo.

"Kamusi, upesi, ofisi inafungwa saa kumi."

"Mjomba, ngoja nianze na rasimu."

"Rasimu ya nini? Unaandika barua au unajenga daraja?"

Nikaandika rasimu daftarini: chama chetu kiko tayari, kwa moyo mkunjufu, kukabidhiwa uwanja. Sasa neno hilo lilifika ukingoni mwa mstari, nikalikata kama tulivyofundishwa, "kukabidhi-" juu na "wa" chini yake, halafu nikaanza kunakili kwenye karatasi safi yenye kaboni chini, na wakati huohuo golikipa wetu mdogo wa miaka tisa, Gundi, akawa anagonga mlango anataka mpira, na mjomba anamwambia asubiri, na Gundi anasema amesubiri tangu azaliwe, na mimi nikacheka, na jicho likaruka mwanzo wa mstari. Sikujua. Nilimwambia mjomba asome kwanza.

"Ukiandika wewe, mimi nisome nini? Nisahihishe kamusi?" Akatia saini, akatoka mbio.

Siku nane baadaye tulikuta tangazo langoni. Tume inakishukuru chama kwa kukubali, kwa moyo mkunjufu, kukabidhi uwanja, ambao kuanzia mwezi ujao utazungushiwa uzio na kuwa kitalu. Moyo mkunjufu ni maneno yangu, Mshauri. Niliyatambua kama mtu anavyotambua shati lake kwenye kamba ya jirani.

Jioni ile Mama Miche alikuja uwanjani, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa juu.

"Mwenyekiti, mbona mmeniangusha hivi? Miezi minne nawapigania, halafu mnaandika mnaurudisha?"

"Nani kaurudisha?"

"Barua yenu."

"Barua yetu! Mama, nichomelee magoli kwa mikono yangu, halafu nikurudishie uwanja ili watoto wakacheze juu ya paa?" Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Muulize huyu hapa. Huyu hajawahi kukosea hata nukta."

Macho yote yakanigeukia, na mimi nikasema, "Niliandika kukabidhiwa." Mshauri, naapa wakati ule niliamini. Gundi akadakia, "Dada Kamusi hakosei!" na wenzake wakaitikia. Mama Miche akasema, "Haya, mwanangu. Mimi nilipokea kilichoandikwa." Akaondoka, na mche aliokuja nao akausahau kwenye benchi.

Nilipofika nyumbani, kabla hata sijavua viatu, nilifungua faili. Nakala ya kaboni ilikuwa pale, na neno lilikuwa "kukabidhi". Nililisoma mara nyingi sana kama vile herufi zingeona haya na kujiongeza zenyewe. Anayekabidhi anatoa, anayekabidhiwa anapewa, hili nimeshawafundisha watu, na muhula uliopita mtihani wa kauli ya kutendwa nilipata alama zote. Halafu nikafanya jambo ambalo sijui niliandikeje. Nilichukua kalamu ya bluu, nikaongeza "wa". Nilijiambia kwamba narekebisha tu, kama ninavyorekebisha vya wengine.

Kesho yake mjomba aliomba faili, akaona, akaruka juu. "Herufi mbili! Wametuibia herufi mbili huko ofisini ili wapate kitalu chao!" Sasa Jumamosi wajumbe wa tume wanakuja uwanjani kupima uzio, na mjomba amewaambia wazazi waje na watoto wakiwa wamevaa jezi, na ataiinua ile nakala juu na kusema kwamba Mama Miche aliichezea barua yetu. Mzazi mmoja akasema kwa jambo kama hilo mama anaweza kuondolewa kazini. "Aondoke," mjomba alijibu, na mimi nilikuwa pale, nimeshika ndoo ya chokaa, nikaenda kupaka mistari.

Nikisema ukweli, mjomba aliyeniamini kuliko macho yake ataaibika mbele ya mtaa mzima, na Gundi atajua kwamba nakosea, na zaidi ya kukosea. Nikinyamaza, Mama Miche ataumia kwa kosa langu. Nimefikiria kuwaandikia tume barua isiyo na jina, lakini mwandiko wangu wanaujua. Ule mche aliousahau naumwagilia kila siku nyuma ya nyumba, na ninapoumwagilia najisikia vibaya zaidi. Je, ninyamaze tu mpaka Jumamosi ipite? Au kuna njia ya kusema bila kusema?

Tafadhali usitaje jina langu. Mimi hulisoma gazeti hili asubuhi maktaba ya shule. Mjomba hulinunua Alhamisi tu, jioni akifunga karakana, na husoma ukurasa wa michezo peke yake, kwa hiyo hataona.

Ni mimi,
Katibu (kwa sasa)

MSHAURI ANAJIBU

Katibu, marahaba. Barua yako ilinifikia Jumanne. Hukuacha namba ya simu, ningekupigia. Badala yake nimeipitisha mbele ya wagonjwa wa mapenzi kumi na wawili waliokuwa kwenye foleni, na wanisamehe.

Kwanza pole. Najua ni nini kusifiwa kwa jambo moja tu maishani halafu jambo hilohilo likuangushe hadharani. Sasa tuache pole.

Una makosa mawili, na naona unalilia lile dogo. Kuruka "wa" ni kuteleza, na kuteleza si kuanguka. Ulikuwa unaharakishwa, mtoto anagonga mlango, na aliyetia saini hakusoma. Lakini ile "wa" ya kalamu ya bluu haikuteleza. Uliikalia, ukaifikiria, ukaiandika. Unasema hujui uliandikeje jambo hilo. Wewe unayependa maneno, neno lake lipo na unalijua: umeghushi. Liandike daftarini mara moja, ulitazame, ulizoee, kisha tuendelee.

Na usinidanganye, wala usijidanganye, kwamba unanyamaza ili kumhifadhi mjomba. Kaboni ina rangi yake na wino una rangi yake. Jumamosi atainua karatasi ile kwa mkono ule uliochomelea magoli, na atatokea mjumbe mmoja mwenye miwani aseme, "Hebu nione." Hapo mwongo hatakuwa Mama Miche, wala hutakuwa wewe. Atakuwa yule aliyeishika. Hivyo ndivyo unavyomlinda mjomba wako?

Leo ukitoka shule, usipitie nyumbani kujipa moyo. Nyumbani utaukosa. Pitia hapo kuchukua daftari la rasimu tu, kisha nenda karakana. Faili analo mjomba. Subiri azime mashine na avue miwani ya kazi, maana neno lako halisemwi kwa kushindana na chuma. Fungua faili, weka kidole juu ya neno, useme, "Hii 'wa' niliiongeza mimi, mjomba." Ni maneno matano, hata mtu asiyeinua mkono darasani anayaweza. Kisha mwonyeshe rasimu, pale neno lilipokatika. Atafoka. Mwache afoke, ana haki. Na yeye anayo yake ya kujibu, kwa kutia saini kitu asichokisoma, lakini hilo usimwambie leo. Mwambie wiki ijayo, akiwa ameshiba.

Kesho Ijumaa asubuhi omba ruhusa shuleni, mwende wote wawili ofisini kwa Mama Miche. Msianze na uwanja. Anzeni na yeye. Mmemwita mwongo katika mioyo yenu, na mjomba amemtangaza hivyo kwa wazazi. Ombeni radhi kwa hilo kabla hamjaomba hata kikombe cha maji. Kisha mpe rasimu na nakala, na usithubutu kuifuta ile "wa" ya bluu. Mwache aione ilivyo. Fikiria pia jambo hili: katika tume nzima, mtu aliyewapigania miezi minne ni huyohuyo mnayetaka afukuzwe. Mmeelekeza mishale kwenye lango lenu wenyewe.

Halafu andika barua mpya ya kusahihisha ile ya kwanza. Mistari sita inatosha. Neno "kukabidhiwa" likae katikati ya mstari, mbali na ukingo. Na kabla mjomba hajatia saini, mpe Gundi aisome kwa sauti. Sifanyi mzaha. Mtoto wa miaka tisa husoma silabi kwa silabi, haruki kitu, na wala haangalii aliyeandika ni nani. Mjomba asimame asikilize mpaka mwisho.

Je, mtaupata uwanja? Sijui, na sitakuahidi. Huenda wajumbe wakakubali kosa la karatasi, huenda wenye kitalu wakashikilia kwamba maandishi ni maandishi. Lakini mwende mkijua kwamba atakayewatetea Jumamosi ana kila sababu ya kutowatetea, na mumstahili. Watoto waje na jezi zao kama walivyoambiwa. Mjomba awaambie wazazi kwa sauti ileile ya filimbi kwamba Mama Miche alisema kweli. Na wewe simama karibu naye. Kusema si lazima. Kusimama ni lazima. Ule mche uupeleke siku hiyo, umrudishie mwenyewe mkononi.

Kuhusu Gundi, usijali sana. Mtoto akijua kwamba dada yake hakosei, atamstaajabia. Akijua kwamba dada yake alikosea akarudi kusema, huyo atakua akimwiga.

La mwisho. Uliniomba nikufiche, na nimekuficha: lakabu zote, yako na ya wenzako, nimezibadilisha. Lakini magoli ya mabomba ya zamani sikuweza kuyabadilisha, na aliyeyachomelea atayatambua. Unasema mjomba husoma ukurasa wa michezo tu. Leo ni Alhamisi. Hebu igeuze karatasi hii uliyoshika, utazame nyuma yake kuna matokeo ya nini.

Umeona? Basi una mpaka jioni. Mtangulie.