Betri Ndogo ya Gari la Mzee Ombati

Nyacheki, Jumanne

Baba,

Shikamoo, na umpe Mama shikamoo yake kabla hujavua viatu. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi hilo la Voi? Na mguu wa Mama je? Mimi mwili ni mzima. Naandika kwa sababu kwenye simu nikisikia sauti ya mwanangu Neema nyuma yako, maneno hunikwama. Baba, Jumapili sitafika. Atabatizwa bila mimi.

Uliniuliza gari jipya la umeme, tena limejaa chaji, linawezaje kumgomea dereva. Sikiliza basi, wewe uliyenifunza kupima betri kabla sijajua kusuka nywele.

Ijumaa begi langu la likizo lilikuwa tayari. Kazi iliyobaki ni kumpeleka bosi wangu, Mzee Ombati, sokoni Kebirigo, nimrudishe, nimkabidhi mpwa wake Momanyi ufunguo, nikapande basi. Nikiwa namsubiri hapo sokoni, gari likazima kila kitu. Milango yake hufunguka kwa kitufe, vioo vivyo hivyo. Nikabaki ndani kama kuku tengani.

Mzee akatokea, simu mkononi. "Simu inasema betri ni themanini na mbili! Mshai, umefanyia gari yangu nini?"

Watu wakajaa. Kwa vilima vya huku, kila mtu anajua kusukuma gari. Mama mmoja muuza ndizi akawapanga wenzake nyuma. "Sista, weka gia ya pili! Sisi tunasukuma!"

"Haina gia ya pili!" nilipiga kelele nyuma ya kioo.

"Yaya! Hapana! Gari gani haina gia? Sukumeni!"

Walisukuma mpaka wakateleza matopeni. Magurudumu yalikuwa yamejifunga, gari halikutikisika. Nilicheka, kisha nikalia, maana basi lilikuwa linaondoka saa nane.

Gari la petroli unalijua: betri huzungusha stata tu, injini ikishawaka alteneta inashika kazi, na betri ikifa unateremka nalo mlima likawaka. Hili lina betri mbili. Kubwa imelala chini ya sakafu, ndiyo tangi lake na ndiyo nguvu zake. Ndogo ni ya volti kumi na mbili, ndugu ya zile unazochaji dukani, na hiyo ndiyo huamsha kompyuta na milango, na kuifungulia kubwa njia. Ndogo ikifa, kubwa inakaa imeshiba bila kazi. Na Mzee hulichungulia gari kwa simu kutwa nzima aone niko wapi. Kila akichungulia, gari huamka likanywa moto wa ile ndogo.

Nilipapasa chini ya mlango nikapata waya wa dharura wa kufungulia mlango, nikauvuta, nikatoka. Nikamwomba dereva wa pikapu ya majani chai atupige jampa, atuazime moto wa betri yake kwa nyaya. Mzee akakataa, eti pikapu ya petroli itamuunguzia gari. Hapo ndipo ningenyamaza, Baba. Ningemwacha asubiri fundi wa Nairobi, mimi nikapande basi langu. Lakini mikono iliniwasha, nikataka wamwone binti wa fundi. Nikambembeleza mpaka akakubali, nikaunga nyaya, gari likaamka, soko zima likapiga makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa nikatiwa kufuli.

Kufika nyumbani, Momanyi akausukuma ufunguo mezani. "Mimi sigusi hiyo kitu. Ikinifungia je?"

Na Mzee, kwa upole kabisa: "Mshai, sasa huendi mahali. Hii gari inajua wewe. Utaenda mwaka mpya."

Nikiondoka bila ruhusa kazi imekwisha, na kazi hii ndiyo inayomlisha Neema. Begi bado sijalifungua. Nina hasira na Mzee, na zaidi nina hasira na mikono yangu.

Msalimie Shangazi Mkamburi aliyemshonea mtoto gauni, na Kaka Mwakio atakayesimama kama baba wa ubatizo. Asichelewe kama kawaida yake.

Kwa Mama nina ombi moja. Kasisi akiuliza nani mama wa mtoto, najua Neema atamwonyesha yeye, nyanya yake, kwa kidole. Asimsahihishe mbele ya watu. Amwambie mkisharudi nyumbani, polepole, kwamba ni mimi.

Binti yako,
Mshai