Sanduku Juu ya Paa Lako, Mama Atieno

Aber amepita! Amepata shahada ya pili, Mama Atieno, na vipimo vyote vya maji ya mtaro wetu sasa viko wazi, hata wewe huko Kisumu unaweza kuvifungua kwenye simu! Banange, jamani, nimepiga kelele kabla ya kukusalimu. Hujambo, jirani yangu? Mjukuu uliyekwenda kumlea ameota meno?

Barua hii naiacha wazi, kila mtu aisome, maana hapa Luzira wapo wanaosimulia mambo haya wakasahau kukutaja.

Unakumbuka siku binti yangu Aber alipoleta yale masanduku madogo anayoyaita vihisi? Tulikuwa uani kwako, wewe unapaa magamba ya samaki wako wa ngege. Akatueleza: kila sanduku linapima maji yamefika wapi, halafu bila waya linalipasia habari sanduku jirani, hili kwa lile, mpaka ifike chuoni na kwenye simu zetu kabla mafuriko hayajatufikia. Nilielewa haraka kuliko wote, usikatae, mimi niliyeishia darasa la sita! Nikasema ni kama sisi kwenye foleni ya bomba: neno likisemwa nyuma, linafika mbele kabla jerikeni halijajaa. Ulicheka hadi kisu kikakuponyoka.

Lakini paa moja likakosekana, la bondeni, na bila hilo masanduku ya mtaroni yasingesikika huku juu. Watu walikataa, wakasema marehemu mume wangu alikuwa polisi, kwa hiyo hizo ni kamera. Nalongo muuza mkaa akaniambia usoni, "Mama Aber, mpeleke mwanao akawachungulie matajiri wa Ntinda!" Wewe, uliyekuwa ukikimbizwa na askari wa jiji pamoja na karai lako la mafuta, ndiye uliyesema, "Leteni kwangu. Kama ni kamera, inipige nikiwa nimesuka."

Kisha mwenye nyumba wako akaja. Vipimo vikionekana na kila mtu, nani atapanga vyumba vyake vya bondeni? Akakwambia sanduku lishuke au wewe utoke. Ukampa kiti, ukampa samaki, ukamwambia, "Mzee, maji yanaujua mlango wako bila kuambiwa na simu. Mimi nataka watoto wajue mapema. Ukinitoa nitatoka. Sanduku silishushi." Wiki nzima nilikuwa nachungulia kama vyombo vyako viko nje.

Mvua ikakujibia. Ilinyesha huko mjini, kwetu kukavu kabisa, na simu zikaanza kulia. Nalongo akasema, "Uongo!" Akatazama mbingu, akatazama simu, akabeba wajukuu. Tulimpandisha kila mtu kanisani huku juu. Maji yalipoingia vyumbani hayakukuta mtoto hata mmoja.

Asante, Mama Atieno. Nilikwambia siku ile, lakini siku ile nilikuwa nalia, sijui kama ulinisikia.

Mwenye nyumba huyohuyo sasa huwaonyesha wageni, "Sanduku letu lile." Letu! Mimi huwatajia wageni hao jina lako.

Aber naye, walipomshauri huko chuoni avifiche vipimo mpaka amalize kuandika tasnifu yake, alikataa. "Mama, vimetoka kwenye paa la mtu. Nitavifungiaje kabatini?" Sasa wanafunzi wa huko kwenu wanavilinganisha na vyao, ziwa letu na lenu si moja? Najisifu, ndiyo, nani atanizuia? Mimi nilimzaa. Wewe ulimwamini wakati kumwamini kungekutoa nyumbani.

Kwa hiyo tunafanya sherehe, na Aber amesema keki haikatwi kabla hujafika. Nitakungoja mwenyewe pale basi linaposhusha watu. Nalongo anakuja, mwenye nyumba anakuja na viti, mwalimu wake wa chuo anakuja, na usipotokea nitawarudisha wote makwao na njaa yao. Ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa saba mchana.

Jirani yako wa huku juu,
Mama Aber