Miguu yangu kwa karatasi

Boito, Jumanne

Nilijua leo nimefukuzwa, na bila hii kazi ya kupima mawe ya chini ya ardhi sina ng'ombe ya kumuoa Chebet.

Nyapara alikuwa amesema baruti ikilipuka hakuna kutembea, kwa sababu vile vyuma tunapanga kwa laini vinasikiliza sauti ikirudi kutoka kwa mawe ya chini. Mimi sikuamini. Udongo inasikiaje?

Sasa mama ya Chebet akatokea na kikapu ya majani chai. Kwetu huwezi kukutana na mama mkwe uso kwa uso, nikaruka pembeni hatua tatu. Baruti ikalia.

Nyapara akaangalia karatasi ya mashine, ile inachora kila sauti vyuma vimesikia. "Nani ametembea?"

Nilitaka kunyamaza. Nikasema pole pole, "Ni mimi. Mama mkwe alikuwa anapita."

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka. "Hata mimi ningeruka, kijana. Kuja uone."

Akanionyesha alama tatu ndogo. Hiyo ni miguu yangu. Chini yake kuna mstari mrefu umelala. Akasema huo ni mwamba, uko chini sana, na hakuna mtu amewahi kuuona.

Tukarudia kulipua. Sikupumua.

Jioni nimerudi nyumbani nikitembea taratibu, naogopa kukanyaga sana.