Kipande Changu Kimekaa Katikati

Mtaa wa Nyuma ya Msikiti,
S.L.P. 2117,
Kitale.
14 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Fardosa,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Isiolo, na goti lako limepunguza hasira. Ile dawa ya kuchua unaipaka, ama umeificha kabatini pamoja na zile nyingine? Sisi huku hatujambo, ila baridi tu. Mwezi huu chai inapoa kabla haijafika mdomoni. Usishangae kuona wino umepakaapakaa, sababu nitakueleza.

Kwanza, hongera kwa kupata mjukuu! Najua binti yako Sharifo alikutumia picha kutoka Kibabii siku ile ile aliyojifungua. Naim ana paji la uso lako, maskini, na sauti pia ni yako.

Sasa nisikilize. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Unakumbuka Februari nilikuambia kikundi chetu cha kufuma kitamtengenezea Sharifo blanketi? Tuko wanawake kumi na wawili. Mtoto wa jamaa yetu akikaribia kuzaliwa, kila mmoja anafuma kipande kimoja cha mraba kwa rangi na mshono wake, kisha tunaviunganisha. Kipande kibaya hakiingii, hata kiwe cha nani. Wewe ukacheka, ukasema, "Suad, nunua sabuni ya mtoto, sindano waachie wenyewe." Shangazi, iliniuma. Mimi na Sharifo tumekula sahani moja kwako tangu mama alipofariki. Mwanawe ajifunike vipande vya watu wengine na changu kisiwemo? Haiwezekani!

Nikaanza mazoezi kwa vipande vidogo, upana wa kiganja tu. Chekundu, cha mshono wa punje, kilitoka kipana juu na chembamba chini. Cha manjano kilitakiwa kuwa na matundu ya urembo, kikawa na matundu ambayo hata mimi sikuyapanga. Mama Kim, yule jirani kutoka Endebess anayetufundisha, alikuwa anakiangalia kila kimoja, anakifumua kimya kimya, kisha ananirudishia uzi. Alifumua sita. Alipofumua cha sita nilienda kulia nyuma ya jikoni.

Siku moja akaniona nikikata uzi kwa makasi. "Suad," akasema, "si wewe ni wa mkono wa kushoto?" Nikaficha makasi kama mwizi. Unajua mwenyewe ulivyonifunga mkono kwa leso nikiwa na miaka mitano ili nizoee wa kulia kwa kila kitu: kula, kuandika, hata kufagia. Sikulaumu. Kula bado nakula kwa kulia, usiogope. Lakini kufuma kulikuwa kumenishinda.

Zamani nilikuwa nakaa kando yake. Siku hiyo akanikalisha mbele yake, uso kwa uso, akaniambia nifuate mikono yake kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Wee, Shangazi! Vidole vilikuwa vimengoja miaka thelathini. Chekundu kikakaa sawa pande zote nne. Matundu ya cha manjano yakajipanga. Na kile chenyewe cha blanketi, cha kijani, chenye ule mshono wa msokoto unaofanana na nywele zilizosukwa, nilikimaliza kwa siku mbili bila kufumua hata mstari mmoja.

Siku ya kuunganisha, Edinah, mwenyekiti wetu, alikigeuza hicho cha kijani mara tatu. "Hii ni safi, lakini si msokoto umelalia upande mwingine, bana? Haifanani na zingine." Mama Kim hakubishana naye. Alichukua kipande chake, cha kijani vilevile na cha mshono huo huo, akakilaza kando ya changu. Misokoto ikaangaliana, mmoja kulia na mwingine kushoto, kama viganja viwili vya mtu anayeomba dua. Edinah akatazama weee, halafu akasema mwenyewe, "Hizi mbili ndizo za katikati."

Katikati, Shangazi! Siku ya akika ya Naim tulilipeleka blanketi Bungoma, kwa Sharifo. Sharifo akaweka kidole pale katikati, akauliza ni kazi ya nani. Wenzangu wote wakaninyooshea vidole. Nilicheka mpaka nikalia, na safari hii sikwenda nyuma ya jikoni.

Nimekufungia vipande tisa vya mazoezi. Vile saba vizuri viweke chini ya goti. Vile viwili vibaya, nilivyomficha Mama Kim, shikia sufuria.

Nisalimie Baba Sharifo, na mdogo wetu Sufian pia, mwambie ile sweta aliyoomba sasa naiweza. Mungu akupe afya na akulete kumbeba Naim mwenyewe.

Na ule wino? Ni kiganja kinachopita juu ya maneno ambayo hayajakauka. Barua hii yote, tangu salamu, nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Hebu linganisha mwandiko huu na ule wangu wa mkono wa kulia uliokuwa ukisema ni wa kuku aliyekanyaga matope.

Mimi mwanao, ninayekupenda kwa mikono yote miwili,

Suad