Maneno Niliyoyaweka Akiba ya Kazini

Jumatatu, 2 Juni 1958

Baridi. Uji nimeunywa vuguvugu, upande wa kulia wa mdomo. Leso shingoni mpaka masikioni. Kwenye kiwanda cha mbao nimeita vipimo hadi saa nne bila shida: futi kumi na mbili, sita kwa mbili, weka. Halafu upepo umetoka msituni ukanigusa shavu la kushoto. Kama waya wa moto, kutoka sikioni hadi kwenye jino. Nimesimama mdomo wazi, neno halitoki. Kiprono, anayepanga mbao, amenitazama tu. Imepita. Nimeita tena.

Nyumbani sisemi. Maneno nayaweka akiba ya kazini.

Alhamisi, 5 Juni

Imenishika mara tisa leo. Meneja amenikuta nimeshika nguzo, machozi yananitoka. Amesema nimelewa. Mimi, ambaye sijaonja pombe tangu nibatizwe. Nilitaka kumjibu. Kujibu ndiko kunakouma.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeuza baiskeli. Gari moshi hadi Nakuru, kwa mng'oa meno. Ametoa mawili. Nimerudi Elburgon na damu mdomoni na furaha tele, nikamwonyesha Rebeka mapengo. Mke wangu amecheka mpaka akalia. Tumelala vizuri.

Jumatano, 18 Juni

Imerudi. Meno yalikuwa mazima.

Ijumaa, 27 Juni

Nimefanya jambo baya. Binti yangu Esta alinipanda mapajani, akanishika mashavu kwa mikono miwili, kama alivyozoea. Nimemsukuma. Ameanguka. Ana miaka mitatu. Hakuumia, lakini ameniangalia vile anavyomwangalia mbwa wa meneja. Rebeka hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nimekaa nyuma ya nyumba, kwenye rundo la kuni, nikijichukia.

Jumatatu, 30 Juni

Kiprono ameita vipimo badala yangu wiki nzima. Anapima, anaita, mimi naandika. Hakuniomba kitu. Leo meneja amegundua.

"Karani gani huyu hana mdomo?"

Kiprono amesema, "Bwana, huyu ni mgonjwa." Ameambiwa anyamaze au atoke pamoja nami. Nimempa ishara anyamaze. Ana watoto watano.

Nimeachishwa kazi. Nyumba ni ya kampuni. Tuna mwezi mmoja wa kuhama.

Rebeka alikuwa ameshasikia nilipofika. Alinisubiri mlangoni.

"Baba Esta, kaa hapa. Kiprono anasema ukiongea ndipo inakushika. Ni kweli?"

Nimetikisa kichwa kukubali.

"Tangu lini?"

Nimemwonyesha vidole vinane. Miezi minane.

Amekaa chini pale pale, kwenye kizingiti. "Miezi minane," amesema. "Na mimi nilidhani umenichoka."

Sikuwa nimefikiria hilo hata siku moja. Nilidhani ninamlinda asiwe na wasiwasi. Nimesema, "Hapana." Neno moja. Limeniuma kama kisu. Nimelisema tena.

Jumanne, 15 Julai

Hospitalini Nakuru, sote watatu. Rebeka ndiye amesema kila kitu: upepo, uji, wembe wa kunyolea ndevu, meno yaliyong'olewa bure. Daktari alinigusa kwa pamba kidogo tu nikaruka. Amesema si jino. Ni mshipa wa fahamu wa uso. Dawa haitauponya, itautuliza, na vidonge vitanitia kizunguzungu. Rebeka ameuliza kama nitakufa kwa ugonjwa huu. Daktari amejibu kwamba nitaishi nao.

Sijui kwa nini nimefarijika. Labda kwa sababu una jina, na jina lenyewe si ulevi.

Kwenye gari moshi Rebeka amemwambia Esta, "Baba ana kidonda ndani ya uso. Hakionekani." Mtoto amenichunguza muda mrefu. Kisha ameweka kichwa chake kwenye goti langu. Goti halina shida. Sikulisogeza hadi Elburgon, ingawa mguu ulikufa ganzi.

Alhamisi, 14 Agosti

Wiki ya tatu kwenye kitalu cha miche, ukingoni mwa msitu wa Mau. Mshahara ni nusu ya ule wa ukarani. Chumba ni kimoja, moshi mwingi. Lakini hakuna anayetaka niite kitu. Nahamisha miche ya mitarakwa kutoka kwenye vitanda vya udongo na kuitia kwenye vikopo. Rebeka ameandikwa kazi pia. Tunachuchumaa bega kwa bega, Esta anacheza na mchanga.

Rebeka anaongea siku nzima. Kuku wa jirani, mahubiri ya Jumapili, dada yake aliyeolewa Kericho. Hataki majibu. Inaponishika, anakata neno katikati, anangoja bila kunitazama, kisha anaendelea pale pale alipoachia.

Leo imenishika mara nne. Mara ya tano amenyamaza bila mimi kushikwa. Nimegeuka. Alikuwa anaangalia mvua ikishuka mlimani kuja kwetu, nyeupe, polepole.

Tumeifunika miche, safu yake, safu yangu.

Mvua imetukuta tumemaliza.