Maelezo ya Mzee Bohari Kuhusu Gurudumu la Nyuma

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mzee Bohari, kama anavyofahamika mtaani. Umri: miaka 74. Kazi: mtunza bohari ya vipuri, mstaafu. Hali ya ndoa: mgane. Makazi: nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha matofali.

Afande, pokea salamu zangu za heshima, wewe na wenzako wote wa kituo hiki. Kabla ya yote naomba radhi kwa kuchelewa. Nilipaswa kuja juzi. Nimefika langoni mara mbili nikarudi nyumbani.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, Jumamosi, saa nne asubuhi, fundi pikipiki wa mtaani kwetu alikuja kwangu kubadilisha magurudumu ya pikipiki yangu ya zamani, ambayo mwanangu huiendesha kwenda kazini. Spoki zake zilikuwa zimeliwa na kutu, na magurudumu ya aina ile hayapatikani tena. Fundi alileta ya pikipiki ya aina nyingine, yaliyotumika lakini mazima. Alisema pikipiki imemzidi umri, hivyo hana budi kuiamkia kwanza. Akaiinamia: "Shikamoo, bibi." Naeleza hili ili ifahamike kwamba hakuwa na hasira wala hakuwa amelewa.

Alimaliza saa saba mchana, akajaribu breki, akaaga. Nilipofagia ua niliona bushi chini, yaani kile kipande cha bomba la chuma kinachovishwa kwenye ekseli ya gurudumu ili kujaza nafasi. Afande, nimetunza bohari miaka thelathini na mmoja. Huko, kifaa kikionekana sakafuni, kuna mtu amesahau. Sikuwaza jambo lingine.

Ningeweza kumwita. Karakana yake si mbali. Lakini niliona haya kumwambia mtu mzima, mbele ya wateja wake, kwamba amesahau kifaa. Nikaona ni uungwana kumrekebishia kimyakimya. Saa kumi alasiri, mwanangu akiwa hayupo, nilifungua gurudumu la nyuma, nikavisha bushi ile na kufunga tena. Ilinibidi kupanua vyuma vya nyuma vinavyoshika gurudumu kwa kipande cha mbao ndipo ikaingia. Nati ilishika meno machache tu. Nililiona hilo. Nikajiambia kwamba magurudumu mageni ndivyo yalivyo. Sikumwambia mtu yeyote.

Tarehe 16, Jumatatu, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mwanangu alianguka kwenye mteremko wa soko. Nati ilikuwa imefunguka na gurudumu likachomoka. Amevunjika paja, na daktari hajasema kama mguu utapona.

Saa nne asubuhi hiyo nilikuwapo karakanani mlipomchukua fundi. Watu walikuwa wengi, na mmoja alishika dumu la petroli. Fundi alisema, "Kitovu cha gurudumu lile ni kipana, halihitaji bushi. Ile ya zamani niliitoa, nikaiacha pale pale uani." Mtu akamjibu, "Utamweleza mwenye mguu." Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, afande. Alinitazama kama mtu anayetazama mzazi wake. Nikanyamaza. Niliogopa lile dumu, na niliogopa mahabusu. Jana mwanangu aliniambia kitandani kwamba fundi akitoka, yeye hatamsamehe. Nikanyamaza tena.

Leo, tarehe 18, nimemkuta mke wa fundi kwenye benchi lenu la nje, akiwa na chakula cha mumewe. Nilimweleza yote kabla ya kuingia humu. Aliweka chakula kando. Kisha akasema, "Ingia, baba. Ukaseme."

Hayo ndiyo niliyoyatenda kwa mikono yangu, na hakuna aliyenishurutisha kuyasema. Mwombeni fundi radhi kwa niaba yangu kama sitaruhusiwa kumwona.

Sahihi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari: Nimeyaandika haya saa nane mchana, nikamsomea, naye akayasoma mwenyewe na kukiri kuwa ni sahihi. Nimemjulisha kwamba kuanzia sasa atahojiwa kama mtuhumiwa. Amesema, "Asante, mwanangu," kisha akaomba karatasi amwandikie mtoto wake aliyelazwa. Barua nimeikagua. Mgonjwa hana ndugu mwingine hapa mjini. Itapelekwa wodini na mke wa fundi, ambaye amejitolea mwenyewe.