Risiti ya Mbao

Februari 3

Mwanangu,

Pokea salamu zangu, na juu yake weka za mama yako, maana zake ni tamu kuliko zangu. Wazima tupo, ila goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kabla ya redio. Naandika kwa sababu kwenye simu tunakatiana. Barua haikatiki. Utaisoma mpaka mwisho hata ukikunja uso.

Shule ya mlimani imenipa kazi ya madawati. Kazi kubwa, sijawahi kupata kama hiyo. Lakini mhasibu wao akasema, "Fundi, bila risiti ya kodi hatununui." Basi nikajiandikisha katika hiyo kodi yenu ya ongezeko la thamani. Nimewekewa mashine ya risiti, inalia kama kifaranga. Sasa kila ninachouza lazima niongeze kumi kwa kila mia. Jana mama muuza mitumba alikuja kuchukua kitanda cha mwanawe. Aliposikia bei mpya akanitazama kama mwizi. Mimi! Nimeshika randa tangu kabla hujazaliwa, leo naitwa mwizi kwa ajili ya ofisi ambayo mwanangu mwenyewe anavaa kitambulisho chake shingoni.

Sikia basi. Mimi si karani wa serikali. Kodi hiyo siipeleki. Waje wanikamate, na pingu uje nazo wewe.

Mama yako kasema nifute hiyo sentensi ya mwisho. Sikufuta.

Baba yako

*

Februari 14

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo yake, na mwambie nimeiona hiyo sentensi. Goti likandwe kwa maji ya moto, usijitie ujana. Mimi sijambo, na ndiyo, uso niliukunja.

Ngoja nikueleze kwa mbao zako. Unanunua mbao za mia. Muuzaji anaongeza kumi ya kodi, unalipa mia na kumi, na ile kumi anaileta kwetu. Wewe unakata, unapiga randa, unauza kitanda mia mbili na ishirini. Huleti ishirini, baba. Unaleta kumi tu, kwa sababu kumi nyingine ulishailipa kwenye mbao. Unaonyesha risiti, inakatwa. Kila mmoja analeta kwa kile alichoongeza kwa jasho lake. Anayebeba mzigo wote ni wa mwisho, yule anayekilalia kitanda.

Na hapo sikubishii. Mama muuza mitumba na tajiri mwenye magari matatu wanalipa kumi ile ile kwa kitanda kile kile. Tajiri pesa inambakia, mama yule anatumia yote aliyonayo. Kwa hiyo kodi hii inamuuma yeye zaidi. Unga na dawa vimeachwa nje, kitanda hakikuachwa. Sitakudanganya kwa sababu nina kitambulisho shingoni.

Lakini nina swali moja. Risiti zako za mbao ziko wapi?

Mwanao

*

Machi 2

Mwanangu,

Nasi tunakusalimu. Maji ya moto yamesaidia, lakini usimwambie mama yako.

Swali lako lilininyima raha. Risiti za mbao sina hata moja. Unamjua Mwenyekiti, mwenye ghala kubwa la mbao karibu na reli, ndiye anayewaongoza wafanyabiashara wote wa hapa. Nimenunua kwake miaka na mikaka, na kila mara anasema, "Kodi imo humo humo kwenye bei." Nikaenda nikamwambia, "Kama imo, nipe risiti."

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Fundi, wewe unanunua mbao au karatasi?"

"Vyote viwili."

"Ukitaka karatasi, ongeza kumi nyingine."

Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu. Ile kumi nilikuwa namlipa, na yeye anaitia mfukoni. Halafu mimi, kwa kuwa sina risiti, nipeleke serikalini ishirini nzima. Nilikuwa nimewakasirikia nyinyi, kumbe kidole kilikuwa kwenye jicho langu siku zote na mwenye kidole ananiita rafiki.

Nikamwambia mbele ya wateja wake, "Hiyo kumi si yako wala si yangu. Ni ya watu." Akaacha kucheka. Kanifungia ghala, na maghala mengine mawili yanamsikiliza yeye, hayaniuzii hata ubao wa kuanikia samaki. Madawati yanatakiwa kabla shule hazijafunguliwa Aprili. Mafundi wangu wawili wanafagia karakana iliyo safi tayari.

Mama yako kaniuliza kama nitaomba radhi. Nikamwambia anipatie chakula.

Baba yako

*

Machi 19

Baba,

Shikamoo nyingi kwenu wote wawili. Mimi mwili mzima, moyo ndio unaochemka.

Faili la Mwenyekiti siruhusiwi kuligusa kwa kuwa wewe ni baba yangu, na sheria hiyo ni nzuri. Kwa hiyo nilipeleka habari kwa mkuu wangu, nikaomba mtu mwingine alishughulikie. Akafunga mlango.

"Mwambie mzee atulie," alisema. "Mwenyekiti yuko tayari kumpa mbao kwa nusu bei."

Nikamuuliza, "Na risiti?"

"Wewe nawe! Unataka kumlea baba yako kwa risiti?"

Nikasema baba yangu hajaomba punguzo. Wiki iliyofuata meza yangu ilihamishiwa stoo ya karatasi kuukuu, chini kabisa, hakuna dirisha. Wenzangu wanapita wakiniangalia kama mgonjwa.

Andika malalamiko kwa jina lako mwenyewe, upeleke makao makuu, usipitie hapa kwetu. Na wakikujia watu wakisema mimi nimeomba uache, ni waongo. Usiache.

Mwanao

*

Mei 11

Mwanangu,

Tusamehe kwa ukimya. Tuko salama, na mama yako, ambaye ulidhani ni mpole, subiri umsikie.

Malalamiko niliandika. Hayakujibiwa. Basi nikachukua dawati moja nililolimaliza kwa mbao za akiba, nikaliweka nje ya geti la Mwenyekiti, nikaketi. Kila anayetoka na mbao namuuliza, "Risiti iko wapi?" Mwanzoni walinicheka. Kisha fundi milango akasimama, akajipekua mifuko, akarudi ndani kuidai yake. Akanyimwa. Akatoka, akaketi kando yangu. Akafuata mtengeneza majeneza, naye si mtu wa kelele, wateja wake hawalalamiki. Mchana mama yako akaja na sufuria ya chai, akaketi na yeye.

Mwenyekiti akaita polisi. Akaja kijana mmoja na kirungu.

"Kosa la huyu mzee nini?"

"Anasumbua wateja."

"Kwa kufanya nini?"

"Anadai risiti!"

Polisi akajikuna kichwa. Mama yako akammiminia chai. Akasema, "Kudai risiti si kosa ninalolijua," akaondoka.

Sikufichi hasara. Madawati yalichelewa, na shule ikampa mwingine nusu ya kazi. Niliumia, mwanangu, nisiseme uongo. Lakini mafundi tumechanga, tumekodi lori, tumekwenda kununua moja kwa moja kwenye kiwanda cha kupasua magogo. Risiti wakatupa bila hata kuombwa. Nilipopiga hesabu na kutoa ile kodi ya mbao, bei ya kitanda ikashuka. Mama muuza mitumba alinunua cha pili. Hakunipa mkono, lakini alinunua.

Baba yako

*

Mei 30

Baba,

Shikamoo, na hongera. Kwa mama sina neno, namwogopa sasa.

Watu wa makao makuu walifika. Ghala la Mwenyekiti linakaguliwa, na mkuu wangu kapewa likizo asiyoiomba. Lakini mimi bado niko stoo. Kaimu wake anasema nitarudishiwa meza nikiandika barua ya kuomba radhi kwa "kuvuruga utulivu wa ofisi." Kalamu na karatasi kaniletea mwenyewe.

Karatasi hiyo ndiyo unayoisoma. Radhi siombi. Nitakaa huku mpaka wachoke wao.

Mwanao

*

Juni 22

Mwanangu,

Sote tunakusalimu, na karatasi yako ni nzuri, nzito. Mama yako anasema ukifukuzwa karakana ina nafasi. Mimi nasema usifukuzike. Huko ndiko tunakokuhitaji.

Jana nilikwenda na risiti zangu za mbao kwenye tawi la ofisi yenu ya kodi hapa mjini. Nyuma yangu fundi milango, mtengeneza majeneza na wengine, foleni mpaka nje. Nikalipa. Ndiyo, mimi. Si kwa kuwa naipenda kodi yenu. Bado inambana mama muuza mitumba, na nitalisema hilo mpaka nizikwe.

Binti wa dirishani akagonga muhuri. "Asante, mzee. Umemaliza."

"Sijamaliza," nikamwambia. "Hiyo ni hela ya watu wanaonunua vitanda kwangu. Nataka kujua imefanya nini. Zahanati yetu haina hata benchi."

"Hapa tunapokea tu, mzee. Mambo ya matumizi ni ofisi nyingine."

"Iko wapi?"

"Ghorofa ya nne. Lakini lifti ni mbovu."

Nikawageukia wenzangu. Hakuna aliyetoka kwenye foleni. Tukapanda ngazi.

Baba yako